Tochi kali za mfukoni na betri zake za kuchaji: maswali ninayoulizwa kila siku

Mi ni fundi umeme na nusu ya kazi zangu nazifanyia gizani, darini, nyuma ya meinswichi, kwenye chumba cha jenereta umeme ukiwa umekatika na kila mtu anakuuliza unarudi saa ngapi. Watu wakiona kitochi changu, kitu cha kujaa kiganja tu lakini kinamulika mpaka mwisho wa mtaa, maswali yanaanza. Nimeyaandika hapa yanayojirudia. Utaona naongelea betri kuliko tochi yenyewe na sijakosea, maana tochi nyingi zinazoletwa kwangu eti mbovu, tochi ni nzima kabisa, betri ndo imekufa au ilikuwa feki tangu dukani.

Fundi, nataka tochi kali kuliko zote ya kuweka mfukoni, nichukue ipi?

Niambie kwanza unamulika nini. Ukiwa unalinda shamba au ng'ombe unataka mwanga unaokwenda mbali, mwembamba kama fimbo. Ukiwa fundi, au nesi wa zamu ya usiku, au unatembea tu kwenye njia ya mashimo, huo mwembamba utakutesa, unaona duara dogo jeupe na pembeni giza totoro, we unataka unaosambaa.

Ndo maana namba ya lumeni peke yake haitoshi. Lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye tochi kwa jumla, kandela ni ukali wa pale katikati. Tochi mbili zote lumeni 1000, moja inaishia mita mia na kitu, nyingine inafika mita 400, tofauti ni kile kikombe kinachong'aa kilichozunguka taa na ukubwa wa taa yenyewe. Hesabu yake rahisi: chukua kandela, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mbili, unapata mita. Kandela 10,000 ni mita 200, kandela 40,000 ni mita 400. Ila jua kwamba umbali huo ni mahali ambapo mwanga umebaki kama wa mbalamwezi tu, kumtambua mtu ni nani gawa kwa mbili au hata zaidi.

Kama umeshasema we ni mtu wa kawaida unataka moja ya kila kitu, tafuta ya betri moja ya 18650 (hiyo ni saizi ya betri, nitaieleza chini) yenye lumeni kati ya 1000 na 2000. Convoy S2+ ni nyepesi na hata ikiharibika unaifungua unabadilisha taa au swichi. Sofirn SC31 Pro na Wurkkos FC11 zinachajiwa zenyewe kwa USB-C, na hiyo ya Wurkkos ina sumaku kitakoni, unaibandika kwenye mlango wa chuma wa meinswichi mikono yote miwili inabaki huru. Mi hiyo sumaku sikuijali wakati nanunua na leo siwezi kufanya kazi bila hiyo.

Kuna moja nimeiona imeandikwa lumeni 100,000 na bei ni ndogo, ni kweli?

Si kweli, na nikuonyeshe kwa nini ili siku nyingine usiniulize mimi. LED nzuri ndani ya tochi inakupa kama lumeni 100 kwa kila wati moja, nyingine zaidi kidogo. Lumeni 10,000 tu, sio laki, zinataka wati 100. Kumbuka ile balbu ya zamani ya wati 100, ya kiwaya ndani, ulivyokuwa huwezi kuishika ikiwa inawaka. LED inatoa joto pungufu kidogo ya hapo lakini bado sehemu kubwa ya huo umeme inageuka joto, na joto lote hilo liko ndani ya ngumi yako. Na betri moja ya volti 3.6 ingetakiwa kutoa ampea karibu 28 mfululizo, zipo chache sana zinazoweza na haziwekwi kwenye tochi ya bei ya kuku.

Kuna kipimo kinaitwa ANSI FL1, kilitoka Marekani mwaka 2009, kampuni zinazojiheshimu zinakifuata. Wanapima lumeni baada ya sekunde 30 tochi ikiwa inawaka, sio ule mmweko wa kwanza. Kwenye boksi utakuta vialama vidogo vya lumeni, umbali na muda. Boksi lenye namba kubwa la kung'aa na halina hata kialama kimoja, liache hapohapo.

Alafu jambo lingine, jicho la mtu halihesabu kama mashine. Ili uone mwanga umekuwa mara mbili inabidi lumeni ziwe kama mara nne. Kwa hiyo usiumize mfuko kutoka 1000 kwenda 1300, hutaona kitu.

Imeandikwa inakaa masaa 10, mbona yangu dakika 40 imefifia?

Kwa sababu masaa yale yanahesabiwa mpaka mwanga umebaki asilimia 10 ya ulivyoanza, hicho ndo kipimo chenyewe kinavyosema. Piga hesabu mwenyewe: betri nzuri ya 18650 yenye mAh 3500 (mAh ndo kiasi cha umeme inachobeba) ukizidisha na volti 3.6 ina wati-saa 12.6. Kwa lumeni 100 kila wati, unapata lumeni 1000 kwa saa moja na robo hivi, au lumeni 300 masaa manne, au lumeni 100 masaa kumi na mbili. Huwezi kutoka nje ya hapo, hata iandikwe nini kwenye boksi.

Na ule mwanga mkali kuliko wote unashuka wenyewe baada ya dakika moja, mbili, sio ubovu huo, tochi inajiokoa na joto. Tochi ndogo ya betri moja inachoweza kushikilia kwa muda mrefu ni kati ya lumeni 500 na 900 hivi. Mi nikiwa darini natumia ya kati muda wote, ule mkali naubonyeza sekunde chache kuangalia kona ya mbali, basi.

Hizi namba 18650, 21700, maana yake nini?

Ni vipimo tu. 18 ni upana milimita 18, 65 ni urefu milimita 65, sifuri ya mwisho inasema ni ya mviringo kama kopo. 21700 ni milimita 21 kwa 70, nene kidogo, inabeba kama mAh 5000 na tochi yake bado inaingia mfukoni ila utaihisi. Ni betri za lithiamu, zile ambazo Sony waliziingiza sokoni mwaka 1991, na usizidharau kwa udogo: Tesla Model S za mwanzo zilikuwa zinatembea kwa 18650 zaidi ya elfu saba zimepangwa chini ya sakafu.

Ikiwa imejaa inasoma volti 4.2, ikiwa imeisha ni kama 3, ukiishusha chini ya 2.5 umeanza kuiua.

Nimepata betri ya mAh 9900 kwa bei nzuri, nichukue?

Hapana ndugu yangu. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo watu wanaibiwa.

18650 nzuri zinazouzwa sana duniani zinaishia 3500 au 3600, mpya chache sana zimekaribia 4000. Samsung, LG, Panasonic, Molicel, Murata waliochukua kiwanda cha betri cha Sony, hao wote wana mainjinia na mitambo ya mabilioni na wamegota hapo. Sasa mtu asiyejulikana ameipataje 9900? Hajaipata, ameiandika tu kwenye plastiki.

Niliwahi kununua nne, za njano, zimeandikwa 6800, nilikuwa na haraka nina kazi ya usiku. Kesho yake nikaziweka kwenye mzani mdogo wa kidijitali, ule kama wa kupimia dhahabu. Ya kwanza ikasoma gramu 31. Nikaweka pembeni yake 18650 ya zamani niliyoitoa kwenye laptop, gramu 45. Mkononi ukizishika moja kulia moja kushoto unaisikia kabisa tofauti, ile ya njano ni kama kopo tupu. Nikazichaji kwenye chaja inayopima, iliyokuwa na nafuu ikatoa mAh 740. Mia saba na arobaini kutoka kwenye 6800, na mwenye duka alikuwa ananiambia mjomba hizi ndo kali.

Kwa hiyo mzani ndo rafiki yako. 18650 ya kweli ni gramu 44 mpaka 50, 21700 ni kama 66 mpaka 72. Ikiwa chini ya 40 iache hata kama inang'aa. Kama duka halina mzani, muuza dagaa wa rejareja au sonara wa jirani anao, nenda naye kwa adabu atakupimia. Uzito peke yake hauthibitishi kwamba ni nzuri, wapo wanaojazia vitu ndani, lakini ikiwa nyepesi hapo hakuna mjadala tena.

Za kwenye laptop mbovu zinafaa?

Zinafaa, mi nazitumia, ila kuna namna. Laptop ikifa mara nyingi imekufa betri moja au mbili kati ya sita, zingine ni nzima na ni za kampuni za kweli, nyingi ni mAh 2200 mpaka 2600. Zitoe taratibu, usitumie bisibisi kama patasi, ukitoboa ganda inawaka moto na moto wa lithiamu una moshi mbaya. Pima volti. Ikiwa chini ya 2.5 usijaribu kuifufua, hata kama kuna mtu anakwambia anajua ujanja. Zilizobaki chaji mpaka 4.2, ziache mezani wiki mbili, pima tena, iliyoshuka mpaka 4.0 au chini ya hapo inavuja ndani kwa ndani, itenge. Na inayopata moto wakati wa kuchaji kiasi cha kukufanya uondoe mkono, itenge pia.

Ila usiziweke kwenye tochi ya kutafuna umeme. Betri za laptop zilitengenezwa kutoa umeme polepole, tochi ya lumeni 2000 inataka ampea nyingi kwa mkupuo. Za namna hiyo wekea Samsung 30Q au Molicel P26A, mAh zake hazifiki 3500 lakini zina pumzi.

Betri ya kichwa bapa au chenye nundu? Na hii ya kinga ni nini?

Betri yenye kinga ina kisaketi kidogo kimebandikwa kitakoni, kinakata umeme ikiisha sana, ikijaa kupita kiasi au ikipigwa shoti. Kama hujawahi kutumia hizi betri, au tochi ni ya mzee nyumbani, chukua ya kinga. Ubaya wake inakuwa ndefu, inafika milimita 68 mpaka 70, tochi nyingine haifungi, na tochi za ampea nyingi kisaketi kinakata ukiwasha ule mwanga mkali, mtu anadhani tochi imekufa. Nundu na bapa soma karatasi ya tochi yako, tochi yenye springi pande zote mbili inakubali zote.

Ukiingiza betri geuza vizuri pande zake. Mi naangalia mara mbili hata leo.

Naweza kuweka betri ya lithiamu kwenye tochi ya AA?

Kuna betri inaitwa 14500, ukubwa wake ni uleule wa AA, lakini ni volti 3.7 na AA ni 1.5. Tochi isiyoandikwa kwamba inakubali 14500 utaiunguza taa kwa sekunde. Kwa tochi za AA chukua zile za kuchaji za nikeli, kama Eneloop, volti 1.2 na mAh 2000 za kweli, zinakaa kabatini mwaka na bado zina chaji. Na zile za kawaida za kutupa usiziache ndani ya tochi miezi, zinavuja ule ute mweupe unakula springi. Nimeletewa tochi nzuri sana zimekufa hivo.

Chaja ya simu inatosha?

Kama tochi ina tundu la USB-C, ndio inatosha. Sasa kuna hili linawasumbua wengi: unachomeka waya wa C kwa C kutoka kwenye chaja mpya ya simu na tochi haichaji, taa yake haiwaki kabisa. Tochi si mbovu. Tochi nyingi za bei ya kati hazina vile vikinzani viwili vidogo vya kuiambia chaja nipe umeme, kwa hiyo chaja inakaa kimya. Tumia waya wenye kichwa kile kipana cha zamani upande wa chaja, itachaji papo hapo.

Kama tochi haina tundu nunua chaja ya pembeni, XTAR au Nitecore au LiitoKala, inayokata yenyewe ikifika 4.2. Zile chaja nyepesi kama karatasi za kuchomeka moja kwa moja ukutani, za taa nyekundu na kijani, zipime kwanza kwa mita kabla hujaziamini, nimezikuta zinazopitisha mpaka 4.3 na kuendelea kusukuma. Usichaji ukiwa umelala, usichajie kitandani wala juu ya godoro. Weka kwenye sakafu ya saruji au kigae, na iwe kuna mtu macho.

Na hizi tochi za kuchomeka ukutani moja kwa moja, za plastiki?

Hizo nyingi ndani zina betri ya risasi na asidi kama ya gari, ila ndogo. Kinachoziua ni kuachwa zikiwa zimeisha. Unaitumia siku ya giza, umeme unarudi, unaitupia juu ya kabati, unakuja kuichukua mwezi wa pili haiwaki tena milele. Kama unayo ichaji mara tu umeme ukirudi, na hata kama hujaitumia ichaji kila mwezi, itadumu.

Mwanga mweupe sana au wa njano?

Watu wengi wanataka mweupe wa bluu wakidhani ndo mkali. Kwenye kazi yangu huo ni hatari na sitanii. Kuna siku niko darini kwenye nyumba ya zamani ambayo iliongezwa vyumba baadaye, kwa hiyo kuna waya za rangi za zamani, nyekundu na nyeusi, na za sasa, kahawia na bluu, zote kwenye boksi moja lenye vumbi. Kwa tochi yangu ya mwanzo, ile nyeupe ya bluu, kahawia na nyeusi zilikuwa kitu kimoja. Nilishuka ngazi, nikazima tena meinswichi, nikazipima zote kwa mita moja moja ndo nikaendelea. Wiki hiyohiyo nikatafuta tochi ya kelvini 4000 mpaka 5000 yenye CRI ya 90 kwenda juu. Kelvini ni rangi ya mwanga, ndogo ni njano, kubwa ni bluu. CRI ni namba inayosema rangi zinaonekana kwa ukweli kiasi gani, jua ni 100. Zilizoandikwa Nichia 519A, hilo ni jina la LED ya ndani, zina hiyo sifa. Unapoteza lumeni kidogo lakini nyekundu inakuwa nyekundu, na hata nyoka kwenye majani makavu unamtofautisha na kijiti mapema.

Inapata moto mpaka inaniunguza, kawaida?

Joto kwenye mwanga mkali ni kawaida, maana yake bodi ya tochi inatoa joto nje kama inavyotakiwa. Kisicho kawaida ni betri yenyewe kuwa ya moto, au tochi kuwa ya moto ikiwa imezimwa. Hapo ifungue, toa betri, iweke nje mbali na nyumba.

Inaweza kujiwasha mfukoni?

Inaweza na inatoboa suruali. Legeza kile kifuniko cha nyuma robo mzunguko, umeme unakatika, tochi nyingi zinakubali hivo. Na betri ya akiba usiitupe mfukoni na funguo na sarafu. Ile betri ganda lote la chuma ni hasi, kasoro kile kichwa cha juu tu, kinachowatenganisha ni plastiki nyembamba na kipete cha karatasi. Plastiki ikichanika na ufunguo ukagusa pale, ni shoti, paja linaungua. Vile vikasha vya plastiki vya kuwekea betri ni bei rahisi sana, nunua. Betri iliyochanika ganda peleka kwa fundi akuvalishe plastiki mpya.

Ya maji nitaijuaje?

Angalia alama ya IP iliyoandikwa kwenye tochi au boksi. IPX4 ni mvua tu. IPX8 au IP68 unaweza kuiangusha kwenye ndoo au mtoni ukaichukua. Ila ile mpira nyeusi ya kwenye nyuzi za kufungia kifuniko ndo inazuia maji, ipake grisi ya silikoni kila baada ya miezi kadhaa, ikikauka inakatika. Na kifuniko cha tundu la kuchajia kifunge vizuri.

Napanda Kilimanjaro, nichukue ipi?

Usiku wa kwenda kileleni mnaanza karibu na saa sita na baridi ni chini ya sifuri, betri ya lithiamu inapungua nguvu hapo. Chukua ya kuvaa kichwani, mikono iwe huru kwa fimbo, na betri ya akiba ilale kifuani ndani ya koti, sio kwenye begi. Usichaji betri ikiwa ya baridi chini ya sifuri, ipashe joto kwanza.

Kwenye ndege?

Betri za akiba zinaingia nazo kwenye begi la mkononi, haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Mpaka wati-saa 100 kwa betri moja hawana shida, na 18650 ni 12 na kidogo. Ziwe kwenye kasha.

Sitaitumia miezi kadhaa, niihifadhije?

Nusu chaji, volti 3.6 mpaka 3.8, mahali pa baridi kidogo. Betri iliyojaa 4.2 ikiachwa kwenye gari juani inazeeka haraka kuliko ungeitumia kila siku.

Watoto wanachezea, kuna shida?

Ndio. Lumeni 1000 karibu na macho ya mtoto sio mchezo, na yule anayemulika bodaboda barabarani usiku anaweza kumwangusha mtu. Tochi nyingi unaweza kuifunga swichi kwa kubonyeza mara nne au kushikilia, kila moja na yake, jifunze ya kwako kabla hujaileta nyumbani.

Betri zilizokufa nitupe wapi?

Usitupe kwenye shimo la taka. Kwetu shimo likijaa linachomwa, na betri ya lithiamu kwenye moto inalipuka, inaruka kama risasi, na wanaokuwa karibu na shimo wakati wa kuchoma ni watoto na akina mama. Bandika selotepu pande zote mbili za betri, ziweke kwenye kopo kavu lenye mchanga, nje, juani zisifike. Kopo likijaa mpelekee fundi wa simu au laptop anayekusanya betri za kurudisha kiwandani. Wateja wangu wananiletea mimi, na ukiwa na kopo lako niletee tu, napokea.